Namba Iliyogongwa Upya

6 Machi

Shikamoo kaka,

Natumai u mzima, na shemeji na watoto hawajambo. Mimi sijambo, kazi tu ndiyo inanichosha.

Kaka, ni kuhusu gari la marehemu baba. Chama cha magari ya zamani cha huku kinataka kulionyesha, ila kwanza kihakikishe ni lile toleo adimu: kabureta mbili, gia tano, breki za diski mbele na nyuma, vyote vimefungwa kiwandani. Mkaguzi wao atakuja huko kwako mwezi ujao. Usinielewe vibaya, lakini kuna mtu aliniambia alikuona umeishusha injini. Ningependa tu tujue.

Ni mimi mdogo wako.

19 Machi

Marahaba mdogo wangu,

Huku sote wazima, isipokuwa mgongo wangu, ambao siku hizi unalia kuliko lori bovu.

Injini niliishusha, ndiyo. Klachi iliungua, ulitaka niibadilishe kwa kupitia dirishani? Kisha nikairudisha ile ile. Maneno yako yameniuma, sitaficha. Lakini huyo mkaguzi aje aone. Nimeshaanza kuliandaa. Injini nimeipiga msasa kutoa kutu, nikaipaka rangi. Namba yake ilikuwa imefifia, tarakimu mbili hazisomeki kabisa, nikazigonga upya kwa nyundo na patasi, taratibu, zikatoka safi. Mgeni atoke mbali hivyo halafu ahangaike kusoma? Haiwezekani.

Kaka yako.

27 Aprili

Kaka,

Leo sina salamu. Mkaguzi anasema namba imechezewa: imesuguliwa na kugongwa kwa mkono, kama wafanyavyo watu wanaobadilisha injini kwa wizi. Ile hadithi yako ya kumrahisishia mgeni kusoma, kamsimulie mtoto mdogo. Injini ya baba iko wapi? Gari lile alituachia sote wawili.

Mdogo wako, kwa bahati mbaya.

30 Juni

Shikamoo kaka,

Hujanijibu, na simu zangu hupokei. Shemeji kila nikimpigia ananiambia umelala, hata iwe mchana.

Kaka, nimekukosea. Kumbe magari ya toleo lile yaligongwa namba ya pili nyuma ya injini, mahali pasipoonekana mpaka ulale chini ya gari. Mkaguzi alikuwa ameipiga picha, na kiwanda kimejibu. Injini ni ile ile iliyotoka na gari. Kabureta, gia, breki, vyote ni vya kiwandani. Hakuna ulichobadilisha zaidi ya klachi. Nimekuita mwizi, wewe uliyenilea baada ya baba. Nisamehe, kaka yangu. Naona aibu hata kuandika. Nakuja mwezi wa nane. Niambie nikuletee nini.

Mdogo wako.

2 Agosti

Kwa mwenye gari,

Gari liko tayari. Matairi nimejaza upepo, betri nimechaji, mafuta yamo. Sehemu yangu nimekuachia, lote ni lako sasa. Funguo anazo fundi cherehani, jirani yetu mwenye lango la buluu. Ukifika mwombe yeye, si lazima upite kwangu. Mlango wa kulia hung'ang'ania, usiuvute kwa nguvu.

Umeuliza uniletee nini. Usilete kitu.

Ni mimi, fundi.