Chumba Tulichouachia Mto

Nyumba ya Pili kutoka Darajani,
Ukingo wa Juu.
Jumapili, 18 Mei.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo, na pokea shikamoo ya pili kutoka kwa mume wangu. (Ona nilivyoandika "mume wangu"! Tangu asubuhi natafuta mahali pa kuyaweka maneno hayo.) Goti linaendeleaje? Na baridi ya huko bado inakuvalisha soksi mbili mbili? Sisi tu wazima kabisa, tena tumenenepa. Mama mkwe anasema ni raha ya ndoa. Mimi nasema ni mkono wake jikoni.

Mapazia uliyotushonea yamefika bila hata mkunjo. Maua yale ya samawati! Niliyatandaza, nikayapapasa, machozi yakanilengalenga, maana dirisha uliloyashonea halipo tena, Shangazi. Wala chumba chenyewe hakipo. Usishtuke, hakuna aliyeumia. Keti nikusimulie.

Nyumba ya wakwe zangu iko pale mto unapopiga kona. Shuleni niliichora kona kama hiyo kwa mishale mizuri nikapewa vema, lakini kuuona mto ukiwa kazini ni jambo jingine! Upande wetu, wa nje ya kona, maji huja mbio na kuuguguna udongo wa chini kimyakimya, mpaka siku moja bonge zima la ardhi linateleza na nyasi zake na kwenda zake bila kuaga. Upande wa ndani maji yanakuwa yamechoka, yanatua mchanga yaliyoubeba, na ufuko mweupe unazidi kukua. Kila asubuhi nasimama kuutazama na kikombe changu mkononi, chai inapoa. Naupenda mto huu hata ukitula.

Majirani wanasema zamani ulikuwa mpole. Kisha watu wakakata miti kule vilimani, na wengine wakachimba mchanga karibu na daraja kwa ajili ya majengo ya mjini, hadi sakafu ya mto ikashuka. Sasa mvua ikinyesha, maji yote yanateremka kwa pamoja kama watoto waliosikia kengele ya kwenda nyumbani.

Ndiyo maana mume wangu, mwashi na fundi kweli, kabla ya harusi alijenga ukuta wa mawe na saruji ulioingia kidogo mtoni. Nyuma yake akatujengea chumba. Laiti ungemwona, maji kiunoni, jiwe begani, akinitabasamia! Ningeolewa naye siku ileile.

Mvua za kwanza zilipokuja, ukuta haukutikisika. Tukapongezana. Ndipo ikaja sauti kutoka ng'ambo, ya jirani mkulima wa mboga ambaye kila mtu humwita Mama Bustani.

"Wewe bwana harusi! Umenitumia mto nyumbani!"

"Mpokee, mama, huyo ni mgeni!" mume wangu akamjibu.

"Basi njoo umtandikie mwenyewe! Kashakalia vitunguu vyangu!"

Mama mkwe alicheka hadi akajishika mbavu. Lakini tulipovuka daraja kwenda kutazama, hakuna aliyecheka tena. Maji yaliyogonga ukuta wetu yalikuwa yakirushwa ng'ambo, yakimpiga yeye. Nusu ya bustani ilikwisha kwenda. Mvua nyingine kubwa, na zamu ingekuwa ya nyumba anamolala yeye na mama yake mzee.

Tukarudi nyumbani. Mume wangu aliketi kizingitini mwa chumba chetu, mikono magotini.

"Ukuta ukibaki, yule mama anahama," alisema. "Ukuta ukitoka, chumba hiki hakikai."

Akaniinulia macho. Nilijua ananingoja mimi. Shangazi, nilitaka kukataa! Chumba kile nilikuwa nakifagia hata kikiwa kisafi, ili tu nipate kuingia. Nikazitazama kuta alizozipiga lipu mwenyewe, nikamtazama na yeye.

"Anza na bati," nikamwambia, "lisije likapinda."

Akanibeba juujuu mbele ya mama yake! Nilitamani ardhi inimeze, lakini si upesi sana.

Tulibomoa pamoja, na Mama Bustani akaja na ndugu zake na sururu zao. Mawe ya ukuta tuliyajaza kwenye vikapu vya waya, tukavipanga nyuma zaidi, kwa mteremko kama ngazi, ili maji yapande taratibu badala ya kugonga na kuruka. Katikati tukapanda matete na nyasi, mizizi ishike udongo. Tukafanya vivyo hivyo kwake. Pale palipokuwa chumba tukapaacha wazi, mto upate pa kujinyoosha. "Nilidhani nimepata mkwe mmoja," alisema mama mkwe, matope hadi kwenye nyusi, "kumbe amekuja na mto wake!"

Wiki iliyopita mvua kubwa ilishuka. Maji yalipanda ngazi zetu za mawe, yakatandazika palepale kilipokuwa kitanda, yakapunguza mbio, kisha yakarudi. Asubuhi tulikuta yameacha tope laini kama unga, na matete yamelala lakini hayakung'oka. Ng'ambo, Mama Bustani alikuwa amesimama mlangoni pake, akitupungia ufagio. Mlango wake upo, Shangazi! Mume wangu alinishika mkono. Sijawahi kumpenda kama dakika ile.

Kwa sasa tunalala stoo, nyuma ya jiko la mama mkwe, kati ya magunia. Ukikohoa, nyumba nzima inakupa pole. Lakini juu kwenye mteremko, mbali na maji, mume wangu ameshachimba msingi mpya.

Nisalimie Mjomba, Kaka dereva na mkewe, Binamu mwenye kucheka sana, na mapacha wote wawili, wasigombanie salamu. Mungu akutunze, akuzidishie amani, akufungulie na njia ya kuja kwetu. Chumba kipya kikipata paa, usiku wake wa kwanza ni wako; sisi tutarudi kwenye magunia bila kinyongo.

Ni mimi nikupendaye,
binti ya kaka yako,
mke wa mwashi.