Disketi ya Wazee wa Kifua

Nyasubi, Kahama
6 Aprili 1988

Kaka Theonest,
Shikamoo. Sisi wazima, ila kikohozi cha baba ni kile kile. Huko Dar je, na mashine zenu?

Kaka, nimeharibu, na kwa mdomo siwezi kumwambia mtu. Padre alikipa chama cha wachimbaji kompyuta, nikakabidhiwa mimi kwa kuwa nimesoma Kiingereza. Nikaingiza kwenye disketi majina ya wazee sitini na wawili watakaopelekwa hospitali ya vifua. Kadi za daktari, mwenyekiti wetu Bwana Hatibu akazichoma, akaniambia, "Mashine haisahau, binti."

Juzi nilitaka kufuta barua moja ya zamani, nikaandika amri ya kufuta pamoja na zile nyota mbili, kumbe maana yake ni kufuta vyote. Ikaniuliza kama nina hakika. Nikajibu ndiyo. Unajua tulivyolelewa, mkubwa akikuuliza hivyo unajibu ndiyo upesi, aondoke. Sasa kioo kinasema hakuna kitu. Nifanyeje? Orodha inatakiwa mwisho wa Mei.

Mdogo wako,
Limi

Dar es Salaam
2 Mei 1988

Mdogo wangu Limi,
Marahaba. Mimi mzima, joto tu. Barua yako imefika juzi, sijui ilizungukia wapi.

Usilie. Ukifuta, maneno hayatoki. Mashine inasahau tu yalipokaa. Toa hiyo disketi, usiandike juu yake hata herufi moja. Mpe mtu anayekuja na treni, mimi nitayarudisha. Ukiandika juu yake, hata mimi sitaweza. Halafu mwambie Bwana Hatibu. Hang'ati yule.

Kaka yako,
Theonest

Nyasubi
20 Mei 1988

Kaka, shikamoo. Baba anakusalimu.

Barua imenikuta nimeshaandika. Nilikumbuka arobaini na wanane, nikawaweka kwenye disketi ile ile, ndiyo pekee tuliyo nayo. Baba ndiye niliyeanza naye. Kwa Bwana Hatibu nimefika mlangoni mara tatu. Mara ya tatu akasema, "Unataka ruhusa?" Nikasema ndiyo, nikaenda nyumbani.

Mdogo wako,
Limi

Nyasubi
14 Julai 1988

Kaka, shikamoo. Hujajibu, na sikulaumu. Baba wamempeleka, analala vizuri sasa.

Mwezi uliopita alikuja mzee Bujiku kutoka Bulyanhulu, na kifurushi chake cha nguo, tayari kwa hospitali. Nikamtafuta kwenye kioo mbele yake. "Sikuoni, babu." Akacheka hadi akakohoa. "Basi imeona nimepona. Nani atabishana na wasomi?" Akapanda lori akarudi.

Jumanne wamemzika. Mkewe, mama Paskalia, amekuja leo kuuliza mumewe alikosa nini hata akaachwa. Bwana Hatibu amemwambia anisubiri mimi, ndimi ninayeijua mashine. Yuko kwenye benchi, anadhani ninachoandika hapa ni shida yake.

Mdogo wako,
Limi