Tuta Limefunguliwa, Shangazi

Nyumbani kwa Bibi,
Nyumba ya tatu kutoka mferejini.
Jumapili, tarehe 14.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, miguu umeinyoosha, na magoti yako yamekubali angalau kukuachia upande ngazi. Ile dawa ya kuchua inasaidia? Na Mjomba, bado anakohoa, au ameacha ubishi akaenda kupimwa? Mapacha nao waambie nimeiona picha yao. Wamerefuka mpaka nikawahesabu mara mbili nikidhani mmoja ni mgeni.

Sisi huku hatujambo. Bibi ni mzima, anakula, anagomba, na akishiba anagomba zaidi. Mimi pia mzima, ingawa usingizi umepungua. Safari hii si woga, Shangazi. Ni furaha. Nina habari niliyoibeba tangu Alhamisi kama mtu aliyebeba yai, na nimejikaza nikusalimu kwanza kwa sababu ndivyo ulivyonilea.

Unaukumbuka mfereji wetu. Ule wa zege, ulioshuka kutoka mjini hadi baharini kama mtu aliyefukuzwa. Ulileta maji ya mvua mbiombio, nayo yakikuta bahari imejaa yalikosa pa kwenda, yakageuka na kuingia kwetu. Bibi aliyaita wageni wasiobisha hodi. Wewe uliondoka mwaka yalipofika kwenye godoro. Ulisema hutalala tena nyumba hii mpaka maji yajifunze adabu. Cherehani yako ukaiacha juu ya matofali manane, mawili kila mguu, ukatuapisha tusiishushe.

Nilikuandikia kwamba nimepata ukarani katika idara ya mifereji, lakini sikukueleza tunafanya nini. Niliogopa nikisema mapema jambo litaharibika. Mwaka jana idara iliamua kuacha kupigana na maji. Walivunja zege sehemu ya mwisho ya mfereji, wakachimba mabwawa matatu ya kina kifupi, moja likimwagia jingine, wakayapanda matete. Mvua ikinyesha, maji yanafika pale yanapunguza mwendo, yanaacha mchanga na takataka zake, mengine yananywewa na ardhi.

Chini ya mabwawa ndipo penye lile tambarare la chumvi, mlipokuwa mkianika nguo. Kumbe zamani palikuwa msitu wa mikoko. Walipojenga tuta kuizuia bahari, mikoko ikafa kwa kiu. Sasa mpango ulikuwa kulifungua tuta, bahari ipate pa kutandaza miguu, na mikoko irudi.

Hapo ndipo mwanao alipotaka kuuzamisha mtaa mzima. Usishtuke, soma kwanza.

Mhandisi aliniambia nitafute siku ya kufungua tuta, siku ambayo bahari imetulia. Mimi na elimu yangu nikafungua jedwali la kujaa na kupwa kwa maji, nikapitisha rula, nikachagua siku yenye namba ndogo kuliko zote. Nikaona nimefanya la maana. Nikachapa barua ya mkandarasi, nikachapa matangazo arobaini, Mkuu akatia sahihi, muhuri ukagongwa, na mwenyewe nikazunguka na ndoo ya gundi nikiyabandika mlango kwa mlango.

Kitalu cha matete na mikoko kinatunzwa na mama mmoja ambaye wote tunamwita Mama Tope, na jina hilo analipenda. Nilipompelekea tangazo lake alilishika kwa vidole viwili vilivyojaa udongo, akalisoma, akaniangalia kama mtu anayetazama mbuzi aliyevaa viatu.

“Karani, we ndiye umeandika hii?”

“Ndiyo, mama.”

“Siku hiyo mwezi umejaa. Hiyo ni bamvua, bahari hujaa kupita siku zote. Mnataka kutuogesha?”

Nikamwambia jedwali linaonyesha maji yatapwa kabisa.

“Asubuhi yatapwa, sijakataa. Na jioni? Mwanangu, bahari ikirudi nyuma sana ni kama kondoo dume. Hajakimbia huyo. Anatafuta nafasi ya kukupiga kichwa.”

Nilirudi ofisini nikatazama safu ya pili ya jedwali, ile ambayo sikuijali. Siku yenye namba ndogo kuliko zote, jioni yake ndiyo ilikuwa na namba kubwa kuliko zote. Ukingo wa bwawa la tatu ulikuwa bado udongo mbichi. Bahari ingeukwangua kama sufuria, ikang’oa matete yote, ikafika kwa Bibi kabla hajamaliza kuvaa miwani. Katapila lilikuwa lije baada ya siku mbili.

Shangazi, nikueleze kweli. Nilikaa kwenye kiti changu karibu saa nzima. Nilifikiri kujifanya mgonjwa. Nilifikiri kumwachia Mama Tope aseme mwenyewe, maana yeye hana ajira ya kupoteza. Mkuu wetu tumempa jina la Kalamu Nyekundu, kwa sababu barua ikikosa nukta moja anaizungushia duara hata karatasi inatoboka. Mimi ni wa miezi minane tu kazini. Kilichoninyanyua ni wewe. Nikiwa mdogo, nikijificha nyuma ya cherehani yako, ulikuwa unasema, “Kifaranga, mwewe hamwogopi anayenyamaza.” Basi nikaenda.

Kalamu Nyekundu alisoma barua, akasoma jedwali, akasoma tena barua.

“Tarehe hii nani kaiandika?”

“Mimi, mkuu.”

“Na sahihi hii ya nani?”

Nikaigeuza karatasi imwelekee, maana ilikuwa yake.

“Basi tumekosea wawili,” akasema. “Mhandisi naye hakuuliza, hao tayari watatu. Anayejua ni mama mwenye udongo mikononi. Kamlete huyo mama hapa, tumpe kiti. Halafu kabandue matangazo yako.”

Nikazunguka kuyabandua yote arobaini, mlango kwa mlango. Nilivyochekwa, nisikufiche! Fundi baiskeli wa pembeni akapiga kelele, “Jamani, karani kaishiwa karatasi, anakusanya za jana!” Bibi naye akasimama mlangoni, mikono kiunoni: “Hili langu usilibandue, linaziba ufa.” Lakini Mama Tope alikuwa ameketi katika ofisi ya Mkuu, kiti chenye mto, akimpangia mhandisi tarehe kwa kutaja siku za mwezi. Wakachagua maji mafu, siku bahari haijai sana wala haipwi sana.

Siku hiyo tulikusanyika wote. Katapila likachota tuta mara tatu, maji yakaingia polepole kama mtoto anayeingia kuwasikiliza wakubwa wakizungumza. Hakuna kelele. Yakapita juu ya chumvi, yakatafuta njia zao za zamani, na Shangazi, yalizijua! Yalifuata mikondo ambayo sisi hatukuiona kwa macho. Nikajikuta nalia mbele ya wafanyakazi wenzangu.

Kisha tukangoja ukingo ukauke na nyasi zishike. Mama Tope alikataa kupanda mikoko mingi. Alisema maji yakitembea vizuri yataleta mbegu yenyewe. Nilidhani ni maneno tu. Sasa kila nikienda nazikuta zinaelea wima kama kalamu, zikigusa tope zinachomeka. Juzi nilihesabu mia mbili na sita zenye majani. Kalamu Nyekundu aliniuliza nina hakika si mia mbili na saba.

Sasa Alhamisi. Mwezi ulikuwa umejaa, bamvua ya saa kumi alasiri. Saa saba mchana mawingu yakashuka, na mvua ikaja ile unayoijua, ya kuziba mlango wa pili usiuone. Mvua na bamvua pamoja, kama mwaka ule wa godoro. Nilisimama dirishani ofisini nikiuma kola ya shati. Mkuu akavua mabuti yake ya mpira, akanisukumia. “Nenda ukaangalie kazi yako.” Mabuti ni makubwa, nilikimbia kama bata.

Nilimkuta Bibi kitandani na miguu juu, mwavuli ameufungua ndani ya nyumba, kopo la sukari kifuani, mikeka yote imekunjwa. Tukangoja. Saa tisa. Saa kumi. Nilitoka kutazama: bwawa la kwanza limejaa, la pili limejaa, la tatu limefika shingoni, matete yamelala lakini hayajang’oka. Huko chini bahari imetandaa juu ya tambarare lote, imetulia kama maji ya beseni, haitusumbui. Saa kumi na nusu ikaanza kupwa, na mabwawa yakaanza kuyaachia maji yake taratibu.

Nilirudi ndani. Bibi alikuwa ameshuka kitandani bila viatu, anazunguka chumba kizima akikanyaga sakafu kwa wayo, kila kona. “Pakavu,” anasema. “Na hapa pakavu. Njoo ukanyage.” Tukakanyaga wote wawili kama wendawazimu.

Najua mvua moja haitoshi kuapia. Mhandisi anasema hivyo, na mimi ni mwoga, nakubaliana naye. Mabwawa yatahitaji kuzolewa mchanga kila mwaka, na ratiba ya kazi hiyo nimepewa mimi kuitunza. Safari hii nasoma safu zote mbili.

Msalimie sana Mjomba, mapacha, na yule jirani yako anayenifahamu kwa hadithi tu. Bibi anakusalimu na anakuombea magoti mapya. Mungu akulinde barabarani, maana nadhani utasafiri.

Ni hivi. Jana asubuhi Bibi aliniita tusaidiane kunyanyua. Yeye akashika upande mmoja, mimi mwingine, tukayatoa matofali, moja moja, yote manane. Cherehani yako imesimama sakafuni. Tumeitia mafuta. Inakungoja.

Ni mimi mwanao nikupendaye bila kiasi,
Kifaranga.