Toleo la Thelathini na Saba

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu za mtu ambaye hukutarajia kuuona mwandiko wake. Natumaini barua hii itakukuta mzima, ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umepoa, na shemeji na watoto hawajambo. Mimi ni mzima wa mwili. Nimehesabu: ni miaka sita na miezi miwili tangu tusemezane, ukiacha salamu tulizopeana msibani kwa babu kwa sababu watu walikuwa wanatutazama. Mama huniletea habari zako hata nisipouliza, na zangu nadhani hukuletea vilevile, kwa hiyo huenda umesikia kwamba nimehamia chumba kikubwa chenye madirisha mawili na meza tatu, juu ya duka la miwani. Anayoyajua mama yanaishia hapo.

Kwanza niseme linaloniuma, maana unanijua, nisipolitoa halitanipa nafasi ya kusema mengine. Ulinitangaza mbele ya shangazi na wajomba kwamba mimi hujisifia kazi za watu. Mimi niliyejifunza kompyuta kwa kusimama nyuma ya viti vya wenye pesa ya kukodi mashine. Mimi ambaye hakuna aliyenilipia ada hata ya wiki moja, wakati wewe ulisomeshwa mpaka ukachoka mwenyewe. Nimejenga tovuti sitini na mbili, na kila aliyeniuliza nilimjibu kwamba nimejijenga mwenyewe, sina wa kumshukuru.

Unaikumbuka ile programu huria ya kujengea tovuti tuliyoanza nayo, ambayo mtu huichukua bure, akaifungua ndani, akairekebisha na kuwapa wengine. Watu wake wana jukwaa lao mtandaoni ambako huulizana na kusaidiana. Miaka yote hiyo mimi nilipita pale kama mtu anayechota maji na kuondoka bila kusalimia. Miezi mitatu iliyopita nikaona kasoro kwenye jalizi ya kalenda, kile kipande kinachochomekwa kwenye tovuti ili kionyeshe miadi ya wateja. Nikairekebisha, mistari kumi na minne tu, nikaituma. Niliituma kwa majivuno, sikufichi. Nilitaka waone hesabu inavyopigwa. Mtunzaji wa jalizi hiyo, mwalimu mstaafu wa kike anayejiita Nukta, akaipitia na kuikubali. Jumanne moja ikatoka na toleo jipya, ikaingia kwenye tovuti elfu mbili mia moja na arobaini.

Jumatano asubuhi nikapigiwa simu na muuguzi wa kliniki ya macho, mteja wangu. Wala hakupandisha sauti. Alisema, "Fundi, nina wagonjwa ishirini na watatu wa kesho, wamekaa hapa leo. Niwaweke wapi?" Nikafungua kalenda nikaona. Mimi, dada, mliyenibandika jina la Kikokotoo tangu darasa la tatu, nilikuwa nimeanza kuhesabu siku kwa sifuri pale palipotakiwa moja. Kila miadi katika kila tovuti ilikuwa imerudi nyuma siku moja.

Nilichofanya kwanza hakinipendezi. Nilianza kuandika kwenye jukwaa kwamba huenda tatizo ni la seva. Kabla sijamaliza sentensi, ujumbe wa Nukta ukatokea mbele ya wote, kwamba mabadiliko yale ameyapitisha yeye bila kuyajaribu vya kutosha, na kwamba aliyeyaandika aje haraka, anahitajika, kwa kuwa ndiye anayeijua hesabu ile. Nikafuta sentensi yangu, nikasema ni mimi.

Hakuna aliyeuliza mjinga huyu ni nani. Waliuliza tatizo limeanza lini, linaonekana wapi, na nani ana mashine ya kujaribia. Tulikuwa watu saba katika nchi sita. Kwa mmoja ndiyo kwanza kulikuwa kunakucha, jogoo wake namsikia kwenye spika zangu. Mwingine alikuwa akimenya viazi huku akinisomea mistari. Muuza vipuri vya baiskeli wanayemwita Mzee wa Breki aliniambia nisijikunyate, yeye wiki yake ya kwanza alizima tovuti elfu tisa. Mwenzake akamwambia elfu tisa si kitu, asitutishe, yeye alizima elfu kumi na mbili, na ya mama mkwe wake ikiwemo. Wakawa wanashindana kwa makosa yao kama wachezaji wa zamani wanaoonyeshana makovu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akilipwa. Baada ya saa tano na dakika ishirini kalenda zote zilikuwa zimerudi sawa.

Toleo la marekebisho lilipotoka, niliona jina langu limo kati ya waliorekebisha, na limo pia kando ya ile mistari kumi na minne. Nikaona haya. Nikamwandikia Nukta faraghani aliondoe pote pawili. Jibu lake nimelinakili kwenye karatasi: "Hapa jina la mtu halifutwi, liwe la sifa au la kosa. Ukilifuta, anayekuja kesho kurekebisha hatajua amuulize nani, na ataamini kazi hii ilijiotea yenyewe."

Nikafungua historia ya jalizi ile, kwa maana programu huweka kumbukumbu ya kila badiliko. Miaka kumi na tisa. Mabadiliko elfu nne mia sita na kumi na mawili. Watu mia tatu themanini na wanane. Nilisoma siku tatu, mchana kutwa, wateja wakipiga simu nikiziacha zilie. Kuna aliyeandika robo nzima ya kalenda ile. Kuna aliyesahihisha mkato mmoja mwaka wa pili, halafu hakuonekana tena, na mkato wake bado uko kazini. Kuna mstari unaoshughulikia mwaka mrefu, ule wa siku mia tatu sitini na sita. Aliyeuandika alifariki miaka minane iliyopita, mkewe akawaandikia wenzake kuwaaga kwa niaba yake, nao wakauweka ujumbe wake palepale kando ya mstari. Mstari huo umo katika tovuti zangu zote. Nilikaa mbele ya mashine kama mtu aliyewasha taa ndani ya alichodhani ni kibanda chake, akakuta ni jumba, na limejaa watu wanaofanya kazi kimya. Na hiyo ni jalizi moja. Tovuti yangu moja huwa na jalizi thelathini. Nilianza kuzidisha, nikaacha.

Ndipo nikafungua historia ya tovuti ya maktaba, ile iliyonipa jina mjini. Kuanzia toleo la kwanza mpaka la thelathini na sita, chini ya kila ukurasa imeandikwa kwamba maneno na mpangilio ni wako, ufundi ni wangu. Kurasa arobaini na nane uliziandika wewe, kwanza kwa penseli, baada ya kukaa na mkutubi wiki sita ukiwauliza wasomaji wanatafuta nini. Toleo la thelathini na saba, Jumanne, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, jina lako halipo. Aliyefanya badiliko hilo ameandikwa, naye ni mimi. Siku zote nilikuambia lilipotea tulipohamisha seva. Halikupotea, dada. Nililifuta kwa sababu kesho yake alikuwa anakuja mteja mkubwa kuitazama.

La pili hulijui, na mama halijui. Ulipoomba kazi kwa wale wachapishaji, ukawaambia wakaitazame tovuti ya maktaba, walinipigia simu. Mama mmoja mwenye sauti ya upole aliniuliza kama kweli kurasa zile uliziandika wewe. Nilimjibu kwamba ulikuwa ukija kunisaidia kupanga karatasi. Simu haikufika dakika mbili. Siku ile kwa shangazi ulisema hujui kwa nini walikuona mwongo. Nilikuwa nimekaa mkabala nawe, nikakasirika kwelikweli, kama mtu aliyeonewa.

Ningeweza kulirudisha jina lako kimyakimya kwa kubonyeza kitufe. Nilikwenda kwa mkutubi nikamweleza kwa mdomo. Alinitazama juu ya miwani akasema alijua tangu zamani, alidhani tulikubaliana wenyewe. Jina limerudi tangu Jumatatu, na chini yake nimeandika liliondolewa lini na nani. Wachapishaji nao nimewaandikia, nikaambatisha historia yote, kurasa kumi na moja. Najua nafasi ile ilijazwa zamani. Nimewaomba jibu lao walitume kwako, si kwangu.

Ulivyonisema mbele ya watu bado inaniuma, sitakudanganya. Lakini ulisema kweli, na hukusema hata nusu yake.

Mama nitamwambia mwenyewe Jumapili, nakuomba usinitangulie. Msalimie shemeji, na wapwa zangu hao wadogo uwaambie mjomba wao angali hai. Sikuombi jibu. Siku ukipata nafasi fungua ukurasa wowote wa maktaba, ushuke hadi chini, uone kama jina nimeliandika unavyotaka liandikwe. Kama sivyo, libadilishe. Nimekufungulia akaunti yenye mamlaka sawa na yangu. Nywila iko kwenye karatasi ndogo ndani ya bahasha hii.

Ni mimi mdogo wako,
Kikokotoo