Mama Esther Wawili, Ujumbe Mmoja

Kambi ya Dzaleka, Malawi, Jumapili baada ya ibada

Yaya wangu Riziki, dada yangu mkubwa,

Kabla sijasema lolote, mgongo wako unaendeleaje? Mara ya mwisho tuliposikilizana kwenye simu ulikuwa katikati ya kuulalamikia, laini ikakatika, na tangu siku hiyo nambari yako haipatikani. Watoto hawajambo? Na Mama, bado anagombana na jirani kwa ajili ya wale bata? Sisi huku tupo, Mungu anatushika mkono. Mvua imeanza. Nyumba inavuja upande wa mlango tu, kwa hiyo tumehamia upande mwingine na maisha yanaendelea. Nsima yao nimeizoea hadi siku hizi naiona tamu kuliko bugali wa kwetu, ila hilo usimwambie Mama.

Barua hii anakuletea Baba Neema, fundi viatu, anayekuja Uvira kumzika mama yake. Akirudi atabeba jibu lako. Nakuomba uisome yote, hata pale utakapoona nachanganya mambo. Nayachanganya kwa sababu nimechanganyikiwa kweli, na kuna kazi moja nataka unifanyie ambayo mimi nikiwa huku siiwezi.

Unamkumbuka yule Mmalawi niliyekutajia, Chisomo, mwenye duka la kompyuta Area 25 kule Lilongwe? Nilianza kwake kwa kufagia na kubeba maboksi. Sasa ananifundisha kutengeneza kurasa za mtandao. Lugha tunayotumia inaitwa Perl. Ukiiona utadhani kuku mwenye miguu ya matope amepita juu ya karatasi: alama za dola, mabano, nukta, vistari. Lakini ukiiandika sawasawa kompyuta inakutii, na mimi, Yaya, ni vitu vichache duniani vilivyowahi kunitii.

Nikawaza, niwatengenezee watu wa kambi ukurasa wa kutafutana. Mtu wa Dzaleka anajiandikisha, na ndugu yake aliye Uvira au Kigoma akiingia kwenye cyber anaona jina, anamwachia ujumbe. Chisomo alikubali ukurasa huo ukae kwenye kompyuta yake ya dukani, bure kabisa, tena akaniazima kompyuta kuukuu ya kuwafungulia watu hapa kambini. Zikomo, nilimwambia, yaani asante kwa lugha yao.

Hapa lazima nikueleze kidogo, usichoke. Ukurasa wa mtandao hauna kumbukumbu. Unampa mgeni alichotaka, na papo hapo umemsahau. Akibonyeza mahali pengine unamuuliza upya, wewe ni nani? Ili usisahau, mwandishi anatakiwa kumpa kila mgeni namba ndefu anapoingia, awe anaionyesha kila hatua, na kwa namba hiyo kompyuta inamwekea vitu vyake mpaka atakapoondoka. Hiyo inaitwa sesheni. Halafu kuna kiolezo. Unakumbuka kadi za harusi ulizokuwa unawaandikia watu wa kwaya, maneno yameshachapwa na pamebaki mahali patupu pa jina? Kiolezo ni hivyo hivyo. Ukurasa ni mmoja, jina linajazwa kutoka kwenye sesheni ya aliyekaa kwenye kiti.

Chisomo aliniambia tangu mwanzo, "Kila mtu mpe namba." Nikakataa. Unanijua kichwa changu. Nilimwambia, ndugu yangu, sisi kule kambini tumeitwa kwa namba hadi masikio yamechoka. Namba ya kadi ya chakula, namba ya familia, namba ya kusubiri mahojiano. Mama mzima mwenye watoto anaitwa kwa namba na kijana wa juzi, naye anasimama. Kwenye ukurasa wangu watu wataitwa kwa heshima, kama tunavyoitana nyumbani: Mama wa fulani, Baba wa fulani. Kwa hiyo sesheni zangu zote nilizipa majina hayo, na ujumbe nao ukawa unakwenda kwa jina hilo. Hata nambari ya simu ya anayetuma sikuweka mahali pa kuiandika. Chisomo alinitazama, akacheka, akaenda zake kula.

Sasa, Yaya, hebu niambie wewe: kambi nzima hii, ina Mama Esther mmoja?

Mmoja ni Mama Esther wa cherehani, mtu wa Bukavu, anashona sare za shule karibu na kanisa letu. Mwingine ni Mama Esther wa dagaa, mtu wa Fizi, anauza sokoni vile visamaki vya ziwa la huku wanavyoviita usipa. Wote wawili walipotezana na waume zao wakati wa kukimbia. Wote wawili walijiandikisha kwangu, na kila mmoja ana neno lake la siri, kwa hiyo kila mmoja anaingia bila shida. Lakini wakishaingia ndani, kwa kompyuta yangu wao ni mtu mmoja.

Wa cherehani ndiye aliyefungua kwanza. Ukurasa ukamkaribisha kwa jina, na chini yake pakawa na ujumbe huu, nakunakilia kama ulivyo, na ile njo yetu ambayo Watanzania wanaisema ndiye: "Mama Esther, njo miye shemeji yako. Baba Esther iko huku kwetu Kavimvira, iko muzima, anakohoa tu kidogo. Anauliza batoto. Musitoke pale muko."

Yaya, alipiga kelele hadi watu wa msururu wa maji wakaja kuangalia nani amekufa. Alinikumbatia, mimi na kiti changu. "Kashindi, we mutoto, Mungu akubariki! Bwana yangu iko muzima!" Ibada iliyofuata alitoa ushuhuda, kwaya ikaimba, mchungaji akasema hata mashine Bwana anaweza kuzitumia. Na mimi nikatembea kambini kifua mbele, nikisalimiwa na watu wasionijua.

Siku chache baadaye wa dagaa akaja, akakaa kwenye kiti kile kile. Ukurasa ukamkaribisha kwa jina lile lile, na ujumbe ukawa ule ule. Hakupiga kelele. Aliusoma taratibu, akifuata kila neno kwa kidole, kisha akanigeukia. "Kashindi, hii message njo yangu, ao ya mwenzangu? Batu banasema mwenzangu alisha kuimba kanisani. Sasa miye niimbe wapi?"

Nilidhani kompyuta inaumwa. Nikaizima, nikaiwasha, Mama Esther, ujumbe ule ule. Nilipanda minibasi hadi Area 25, Chisomo akasoma nilichoandika, na safari hii hakucheka. Alionyesha kwa kalamu mstari mmoja tu, pale ninapoipa sesheni jina. "Hapa umewaweka watu wawili kwenye chumba kimoja," alisema, "na kila anayeingia anakuta vitu vya mwenzake." Tukarekebisha siku hiyo hiyo. Sasa kila mgeni anapewa namba yake, ndefu, haionekani kwenye ukurasa, ila ipo. Kiolezo hatukukigusa, jina bado linaandikwa juu.

Lakini angalia balaa lenyewe. Nimeutengeneza mlango, ndiyo, ila ule ujumbe uliingia kabla. Umeandikwa kwa Mama Esther, basi. Aliyeutuma amejiita shemeji, na kila mwanamke aliyeolewa ana mashemeji. Nambari ya simu hakuacha kwa sababu mimi sikumpa mahali pa kuiacha. Nimemwachia ujumbe wa kumuuliza, hajaingia tena. Nimeusoma mpaka nauota. Anakohoa? Nikamuuliza wa cherehani, akasema ndiyo, wake alikuwa anakohoa kila wakati wa vumbi. Nikamuuliza wa dagaa, akasema, "Banaume yote ya Fizi banakohoa, Kashindi." Watoto? Wote wanao. Wa cherehani ana watatu. Wa dagaa namwona na mtoto wake wa kiume tu, Elia. Huyo Esther wake sijapata kumwona, nadhani yuko shule ya bweni, mji wa Madisi.

Niliwaita wote wawili nyumbani kwangu nikawaeleza, huku nikitazama miguu yangu. Wa cherehani alinisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo ile mashini yako haijue batu?" Nikamjibu kwamba haiwajui, na mimi ndiye niliyeifundisha vibaya. Akakunja na kukunjua upindo wa kitenge chake. Nilitamani anitukane. Halafu akasema kwamba yeye anaondoka hata hivyo, kwa sababu amekwisha kupata mtu wa kuinunua cherehani, na hiyo itakuwa nauli yake na ya watoto hadi Uvira.

Hapo ndipo panaponinyima raha, Yaya. Auze kitu kinachowalisha, awapitishe watoto Tanzania nzima, afike Kavimvira hapo Uvira, afunguliwe mlango na mume wa mtu. Na je kama ni wake kweli, na mimi ndiye ninayemzuia? Asubuhi nasema aende, jioni nasema abaki. Nimeomba, nimefunga, sijaelewa kitu. Nimemsihi tu asubiri Baba Neema arudi na jibu lako. Amekubali, lakini mnunuzi naye hatasubiri milele.

Kazi yako basi ni hii. Nenda Kavimvira, uliza nyumba yenye mgeni anayeitwa Baba Esther, aliyetokea mbali na anakohoa. Usimwambie umetumwa na nani. Muulize hivi, kwa maneno ya Mama Esther wa cherehani mwenyewe: "Siku tuliachana pale Kamanyola, nilikuwa nabeba nini kwa kichwa?" Watu wengine walikimbia na godoro, wengine na sufuria. Yeye alibeba kichwa cha cherehani, na miguu yake ya chuma aliibeba mume. Ni cherehani hiyo hiyo anayotaka kuiuza. Anasema akiwa ndiye, atacheka kwanza ndipo ajibu.

Wa dagaa nilimwomba na yeye alama yake. Alitikisa kichwa, akasema uulize ya mwenzake kwanza, akaenda sokoni.

Jibu, chonde chonde, usilitume kwenye ukurasa wangu. Mpe Baba Neema mkononi, au tafuta simu inayoshika.

Msalimie sana Mama, na umwambie hao bata awaache. Salamu kwa shemeji yangu mume wako, kwa baba mdogo anayelinda kanisa, na kwa shangazi wa Mulongwe aliyenifundisha kusoma saa, ambayo nayo ilinichanganya. Watoto wabusu vichwani.

Mimi mdogo wako mwenye kichwa kigumu,
Kashindi

Yaya, nilikuwa nimeshakunja karatasi, nimeikunjua tena. Mama Esther wa dagaa amekuja sasa hivi, kikapu bado kichwani. Hakutaka kukaa. Amesema niandike mbele yake, na niandike kama anavyosema:

"Kama ni bwana ya mwenzangu, usimuambie kitu. Umuache afurahi. Kama ni yangu, umuambie Esther alitufia mu njia, mbele ya kufika Tanzania. Umuambie mbele ya kufunga safari yake. Asikuje huku anabeba zawadi ya mutoto."

Sikujua, Yaya. Wiki zote hizi kila alipokaa kwenye kile kiti, mstari wangu wa kwanza ulimkaribisha kwa jina hilo, na mimi nikiona namheshimu. Nilimuuliza kama niubadilishe, niandike Mama Elia. Alishusha kikapu, akanitazama kama mtu aliyeambiwa neno baya.

"Hapana. Acha vile. Esther njo alinifanya mama."