Salamu za Chumba cha Pili

Jumatatu, 20 Januari 1997

Modemu imekataa tena. Inalia kama paka aliyebanwa mlangoni, halafu kimya. Saumu, joto la Shimanzi, na mashine isiyosikia la mtu. Nimechoka.

Kazi yenyewe ni hii. Ghala letu la dawa hapa Shimanzi lina vyumba viwili vya baridi. Kompyuta inavipima usiku na mchana, kukiharibika kitu inaandika onyo kwenye kioo. Onyo zuri, jekundu. Ofisi ikifungwa nani analiona? Mende. Basi nimeambiwa niiunganishe na simu kwa modemu hii, onyo liende kwenye peja ya Bwana Mwakio, fundi wa mitambo, popote alipo. Peja ni kidude cha kiunoni, kinaonyesha maneno kwenye kioo kidogo.

Chumba cha pili ndicho cha insulini. Wagonjwa wa sukari mji mzima wanategemea humo, na mamangu ni mmoja wao. Sitaiacha modemu hii mpaka ikubali.

Alhamisi, 23 Januari

Imekubali. Nilijaribu na HATARI CHUMBA 2, bila kumwambia Mwakio, nione atafanyaje. Alikuwa Mwembe Tayari anampandisha mkewe basi la Voi. Akaja mbio, shati chepechepe, nusura agongwe na mkokoteni. Nikafurahi. Kitu kinafanya kazi.

Mzee Abdalla, meneja wetu, hakufurahi. Akaniita. "Bi Zuhura, huyu ni mtu mzima, ana wajukuu. Mashine yako inamkemea kama mbuzi aliyeingia shambani. Hata salamu hakuna?"

Nikamwambia mashine haina adabu, ina umeme tu.

"Basi ifundishe. Heshima si utumwa."

Yule mzee ndiye aliyenipa kazi wakati wengine walisema binti wa Mji wa Kale ataolewa tu, aache kazi. Siwezi kubishana naye mbele za watu. Lakini nimeudhika.

Jumatatu, 27 Januari

Mzee ameyaandika maneno mwenyewe, kwa hati yake nzuri. "Salaam nyingi Bwana Mwakio. Kwa heshima na taadhima, ofisi nzima inakusalimu wewe na aila yako, na inawatakia kheri na afya njema. Uwe radhi kwa kukusumbua. Tafadhali fika kazini, chumba cha pili kina hitilafu."

Nilimwambia ni refu. Akasema hajapata kuona mtu aliyekufa kwa kusalimiwa.

Nimeingiza yote, nimetuma. Kompyuta imesema imekwenda. Nikampigia Mwakio kwake Tudor. Anacheka. "Zimefika, Zuhura, salamu zimefika. Leo mashine yako ina adabu." Ofisi nzima ikacheka, na mimi nikacheka. Nikawahi nyumbani kupika futari.

Jumamosi, 1 Februari

Kidonda cha mama mguuni kimeanza kunuka. Alikuwa akikificha kwa leso. Tumegombana. Daktari alimkataza kufunga, naye kafunga kisirisiri, ati daktari hatamsimamia kaburini. Nimeosha kidonda.

Insulini iliyobaki nyumbani ni ya kufikia Idi tu. Duka la dawa la mtaani halina, wanangoja ghala liwapelekee baada ya Idi. Ghala ni sisi, ila hatuuzi chupa mojamoja. Nimemwambia mama asiwe na wasiwasi, dawa yake iko, naiona kila siku kwa macho yangu.

Jumapili, 9 Februari

Idi. Ofisi imefungwa tangu jana mpaka Jumatano. Mama kavaa leso mpya, kakaa barazani kupokea wageni, mguu kauficha. Kaiba halua, nikajifanya sikuona. Siku nzuri.

Jumatano, 12 Februari

Sijui nianzie wapi.

Tumefungua chumba cha pili. Barafu juu ya makasha. Barafu ukutani. Swichi ya kukata baridi imekwama, mtambo umesukuma baridi sikukuu nzima. Insulini ikiganda imekufa. Hata ikiyeyuka, ni maji.

Nikakimbilia kompyuta. Maonyo yamejaa kioo, na kando ya kila onyo: imekwenda, imekwenda, imekwenda. Mwakio akaingia anatabasamu, mkono ameunyoosha. "Idi njema, Zuhura. Ahsanteni sana kwa kunikumbuka."

Nikamwomba peja yake.

"Salaam nyingi Bwana Mwakio. Kwa heshima na taadhima, ofisi nzima inakusalimu wewe na aila yako, na inawatakia kheri na" — basi. Hapo inakatika. Nimewapigia watu wa peja, wakasema maneno yakizidi kipimo hukatwa, ndivyo ilivyo. Salamu zilezile, mara baada ya mara, siku za Idi. Hakuna aliyemwambia kuwa salamu ndizo onyo lenyewe; alidhani ni mkono wa Idi kutoka kwetu. Alimwonyesha mkewe. Akasema wao ni Wakristo na bado Waislamu wa kazini wamewakumbuka hivi.

Nilipomwambia alikaa sakafuni. Mtu mzima yule, mwenye wajukuu.

Alhamisi, 13 Februari

Chupa zote zinatupwa. Shehena nyingine bado iko baharini. Nairobi wataleta kidogo, nacho ni cha hospitali, si cha maduka.

Nimefuta salamu. Sasa ni CHUMBA 2 KINAGANDA NJOO. Nimejaribu, Mwakio kaja mbio, katazama kipimo, karudi zake.

Mzee Abdalla hajatoka ofisini mwake tangu asubuhi. Nilipompelekea funguo akasema, "Mimi ndiye niliyeandika." Nilijua anangoja nimwambie si wewe, mzee, ni majaaliwa. Sikumwambia. Nina hasira naye. Nina hasira na Mwakio kwa kucheka, na mimi mwenyewe kwa kutoitazama ile peja siku ya kujaribu. Neno moja tu ningemwambia: nionyeshe. Ningeona maneno yanakatika wapi.

Jumanne, 18 Februari

Nimezunguka maduka ya dawa yote ya kisiwa. Hakuna. Muuzaji mmoja kaniuliza, si wewe unafanya kazi ghalani?

Nimegundua mama anajidunga nusu ya kipimo. Tangu lini, hasemi. Anasema chupa ni kama sufuria, ukiona wageni wengi unaongeza maji. Nikapiga kelele mpaka Ami Saidi, jirani yetu wa chini anayeshona kofia, akapanda ngazi kuuliza kuna nini. Mama akamwambia hakuna kitu, Zuhura ana njaa.

Jumatatu, 24 Februari

Hospitali tangu jana. Mguu mweusi mpaka kifundoni. Dawa hapa ipo, kile kidogo cha Nairobi, wanampa. Daktari anasema sumu imeshapanda. Wanataka kukata. Mama hataki kuingia kaburini nusu. Mzee Abdalla amekuja na machungwa, kasimama mlangoni, mama kamsalimia vizuri mno, kamuuliza habari za wanawe mmoja mmoja. Mama hajui dawa iliharibikaje. Sikumwambia, na mzee pia hakusema.

Nimetoka nje. Sikuweza kuwatazama.

Alhamisi, 27 Februari

Alfajiri mama alinifukuza hospitalini, niende kazini nisije nikafukuzwa. Alikuwa akiongea vizuri. Nikaenda.

Kabla ya adhuhuri Ami Saidi akatokea mlangoni pa ofisi. Kofia mpya, kanzu imepigwa pasi. Hajawahi kufika Shimanzi maisha yake. Akaanza. Assalaam aleykum. Akamwamkia Mwakio, akamwamkia mzee, akamwamkia karani. Akauliza habari za asubuhi, habari za kazi, habari za joto hili. Akasema mama hali yake si nzuri sana, afadhali nije nyumbani kidogo.

Nyumbani. Hakusema hospitali.

Mwakio alikwisha kushika kichwa. Mzee Abdalla alisimama, akakaa. Mimi ningeweza kumkata Ami Saidi pale pale. Lakini amekuja kwa miguu kutoka Mji wa Kale kwenye jua lile, na maneno yake ameyapanga njia nzima, la zito kaliweka mwisho ili lisiniangukie ghafla. Hivyo ndivyo tunavyoambiana.

Nikamwacha amalize. Nikamjibu zote. Akaniuliza mimi mwenyewe sijambo.

Nikasema sijambo, ami. Nikachukua buibui yangu.

Wamemzika baada ya alasiri.