Nimepata Tisini na Mbili za Kisukari, Posa ya Binti Yangu Imesimama

Mshauri wetu Bi Mwanaesha, kama umenizidi umri shikamoo, kama nimekuzidi basi niamkie, kisha unisaidie, maana nimekwama na mimi si mtu wa kukwama, nimepika melini miaka kumi na minane, Karachi wanijua, Durban wanijua, na shule niliiacha darasa la sita kwa sababu mwalimu alishindwa na maswali yangu. Mwezi uliopita mpwa wangu Ghassan alikuja likizo kutoka ng'ambo na kichupa, akaniambia, "Mjomba, tema mate humu, watakusomea maradhi yatakayokuja," nikatema, na kwa mate sina ubahili. Majibu yakaja kwa simu: Kisukari, 92 kati ya 100. Bi Mwanaesha, tangu nizaliwe sijapata tisini ya kitu chochote! Nikashuka barazani pale pale, nikaagiza halwa sahani tatu na kahawa, nikawaambia wenzangu, "Kuleni, damu yangu imefaulu mtihani," wakala, wakanipongeza, mmoja akaomba nimtemee mjukuu wake kidogo apate akili.

Siku ya tatu Ghassan akapiga simu, nikamsimulia, akasema, "Mjomba, ile si alama ya kufaulu. Ukipangwa na watu mia, tisini na wawili wana hatari ndogo kuliko yako." Nikaanza kuhesabu pesa za halwa.

Lakini habari ilishafika Ganjoni kwa kina Hamid, kijana aliyeleta posa kwa binti yangu Fadhiya, na mshenga wao Bi Saadia akaja, akakaa ukingoni mwa kiti, akasema, "Posa hatujaiondoa, ila mamake Hamid ataka Fadhiya naye ateme, tuone alama zake kwanza." Mke wangu akamuuliza, "Na Hamid atema lini?" Bi Saadia akaanza kutafuta viatu vyake.

Sasa nauliza, nimwambie mwanangu ateme, au nisiwape hata tone? Na tena, wallahi hili ndilo laninyima usingizi, mate yamejuaje jambo ambalo mimi mwenyewe sijalipata? Sukari sijawahi kupima, naogopa sindano.

Mpishi wa Meli, Kibokoni

JIBU

Marahaba, Mpishi, nimekuzidi. Nimecheka mpaka nikaitwa na jirani, kisha nikakasirika.

Mate hayajui kitu. Watu wa maabara wameangalia humo vitu vidogo vidogo vingi ulivyorithi kwa wazazi wako, kila kimoja kikizidisha au kupunguza hatari kidogo, wakajumlisha. Ni kama wewe uchungulie jikoni kwa mtu, uone mchele, nyama na zafarani, useme hapa huenda pakapikwa biriani. Huenda! Sufuria haijainjikwa bado. Na tisini na mbili hiyo ni nafasi yako kwenye foleni, haisemi kwamba katika watu mia kama wewe, tisini na wawili wataugua. Halafu wewe mwenye maswali ya kumshinda mwalimu, mbona hukuuliza wale watu mia ni kina nani? Hesabu nyingi za namna hii zimejengwa kwa watu wenye asili ya Ulaya, na kwa watu wa pwani yetu zaweza kukosea. Mbane Ghassan akujibu.

Fadhiya amechukua nusu kwako na nusu kwa mamake, na kwa jibu lile alilopewa mshenga, nusu ya mamake naiamini. Lakini baba wee, barua nzima umenitajia Karachi, Durban na sahani za halwa, Fadhiya mwenyewe asemaje hukuniandikia! Mate ni yake. Muulize leo, na akikataa, wewe ndiye wa kusimama mlangoni.

Kesho, kabla hujanywa hata chai, nenda zahanati ukapime sukari. Ni tone moja la kidole, na mtu aliyepita bahari zote hizo asiniambie habari za sindano. Mpigie Hamid mwenyewe, si mshenga, umwombe mwende pamoja. Akija akanyoosha kidole chake kando ya chako, umepata mkwe. Akisema amuulize mamake kwanza, Fadhiya ameshapata majibu yake bila ya kutema mate.

Na wale wa barazani usiwasahau. Kila aliyeonja halwa yako apange foleni nyuma yako hapo zahanati.